Mechi ya Kwanza Mmeshinda. Marudiano Je?

Mwezi huu naomba ruhusa yenu nizungumze mpira. Najua kuna kina dada wameshaanza kufunua kurasa kutafuta mapishi. Subirini kidogo jamani! Mpira ninaouzungumzia una mapenzi ndani yake, una fedha, una ndoa, na una kisa ambacho kwetu Mara mpaka leo ukikitaja kijiweni, kahawa inapoa.

Nazungumzia msimu wa 2021/22 wa Biashara United Mara. Nimeona misimu mingi ya timu nyingi, lakini sijaona msimu unaofanana na maisha ya wanandoa wachanga kama huo. Ulianza kwa shangwe ya Afrika nzima, ukaisha kwa kushuka daraja. Na kilichoubadilisha hakikutokea hata uwanjani.

TIMU YA KWETU

Kwa wale ambao hawaifuati, Biashara United ni timu ya Musoma, na nyumbani kwao ni Uwanja wa Karume. Walipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na mashabiki wakawabatiza jina la Wanajeshi wa Mpakani. Sisi wa Tarime na jirani zetu wa Serengeti hatukuwa na timu yetu kwenye Ligi Kuu, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa yetu. Siku ya mechi kubwa, gari zilijaa asubuhi asubuhi, mnavuka Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara mkielekea Musoma. Wenzetu wa Mugumu walikuja kwa upande wa Butiama. Ambaye hakuwa na nauli alijibana kwenye kibanda umiza, akalipa kiingilio chake na kutoka na jasho kama aliyecheza dakika 90.

Kwa wapenzi wengi niliowajua, hiyo ndiyo ilikuwa matembezi ya mwezi. Mnaangalia mechi, mnateremka ziwani kula sato wa kuchoma, mnarudi na jua linazama. Bei nafuu, na mnapata mengi ya kuzungumza njiani.

Halafu kuna hili. Nyumba nyingi za Bongo zina mpaka katikati ya sebule: baba Yanga, mama Simba, watoto wanavutwa huku na kule. Ikifika siku ya watani wa jadi, chakula kinaliwa kimya kimya. Lakini kwetu, timu ya nyumbani ilikuwa mahali pa kukutania. Mume wa Jangwani na mke wa Msimbazi walikaa benchi moja wakaishangilia Biashara kwa sauti moja. Labda siku ilipocheza na Simba au Yanga ndiyo maneno yalianza upya!

NAFASI YA NNE

Ili uelewe uchungu wa 2021/22, lazima urudi msimu mmoja nyuma. Msimu wa 2020/21 ulikuwa na timu 18. Kocha Mkenya Francis Baraza aliondoka katikati ya msimu akaenda Kagera Sugar, Mkenya mwenzake Patrick Odhiambo akashika usukani, na timu haikuyumba. Ligi ilipoisha, mbele yao kulikuwa na Simba, Yanga na Azam tu. Walishika nafasi ya nne, wakaziacha nyuma timu zenye majina na historia ndefu kuliko wao. Kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani walifika nusu fainali, na Yanga wakahangaika nao mpaka mwisho kule Tabora kabla ya kushinda bao 1-0.

Kwa kawaida nafasi ya nne ilikuwa haikupeleki popote. Unapongezwa, unapewa mkono, basi. Ila mwaka huo Tanzania ilikuwa na nafasi nne za kucheza Afrika, matunda ya Simba kufanya vizuri kimataifa. Simba na Yanga wakaenda Ligi ya Mabingwa. Azam na Biashara wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Timu iliyopanda Ligi Kuu miaka mitatu tu nyuma, timu ya mji wa wavuvi, ikawa inaiwakilisha nchi!

Raundi ya kwanza, Septemba 2021, waliitoa FC Dikhil ya Djibouti. Raundi ya pili wakapangiwa Al Ahli Tripoli ya Libya. Hapo hata sisi wenye imani kali tulishusha pumzi. Waarabu wa Afrika Kaskazini na mpira wao, unajua mwenyewe.

Mechi ya kwanza ilipigwa Dar es Salaam katikati ya Oktoba 2021, wiki ileile ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama. Biashara wakashinda 2-0. Ndiyo, mbili bila! Watu waliimba, simu zilipigwa, na hata wale wa Dar ambao hawakujua Musoma iko upande gani wa ziwa walijifanya wana shangazi huko. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kule Libya, hata kufungwa 1-0 kungewatosha kusonga mbele.

Marudiano yalikuwa wiki moja baadaye. Biashara hawakufika.

Soma tena sentensi hiyo. Hawakufungwa, wala hawakutolewa kwa matuta au kwa makosa ya mwamuzi. Hawakufika. Mambo ya safari yalikwama, siku ya mechi ikapita timu ikiwa bado Tanzania, na ushindi wote wa 2-0 ukafutika. Al Ahli Tripoli wakasonga mbele bila kurudisha hata bao moja.

Na kinachouma zaidi ni kilichofuata. Al Ahli Tripoli hao hao, waliopigwa mbili Dar es Salaam na vijana wa Musoma, waliendelea na mashindano mpaka nusu fainali mwaka 2022. Waliokuja kuwatoa ni Orlando Pirates ya Afrika Kusini.

TUSIWE WEPESI WA KUHUKUMU

Ni rahisi kukaa kijiweni ukasema viongozi walilala. Mimi nasema tuangalie mzigo wenyewe. Timu ya Musoma kila msimu wa Ligi Kuu ilizunguka nchi nzima: Bukoba, Tanga, Mbeya, Ruangwa kule Lindi. Msimu huo wa 2021/22 ligi ilikuwa na timu 16, maana yake mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Sasa ongeza Afrika juu yake. CAF wanataka uwanja waliouidhinisha, kwa hiyo hata mechi ya nyumbani ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Karume. Timu ilisafiri ili iwe mwenyeji! Halafu Libya, ambako huendi kwa kupanda basi la asubuhi. Kuna viza, kuna vibali, kuna ndege, kuna hoteli, na vyote vinataka fedha taslimu na watu wa kufuatilia wiki kadhaa kabla.

Simba na Yanga wana wadhamini wakubwa na watu waliozoea safari hizo miaka nenda rudi. Timu ndogo inapofika huko mara ya kwanza, kila kitu ni kigeni. Nguvu, akili na fedha zote zinaelekezwa kwenye mechi iliyo mbele ya macho, ile inayoonekana, ile yenye mashabiki na kamera. Ya pili inasubiri. Tutajua mbele ya safari.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaona baadhi yenu.

KIKAO CHA HARUSI

Mwezi uliopita nilikuwa Tarime kwenye kikao cha harusi cha mdogo wangu wa ukoo. Mchumba wake ni Mngoreme, upande wa Mugumu. Mahari ilikuwa imeshamalizika, ng'ombe wamehesabiwa na wazee wameridhika. Kilichobaki ni sherehe, na kamati ilikuwa moto kweli. Mwenyekiti ana daftari, mweka hazina ana daftari, ahadi zinasomwa kwa sauti ili kila mtu aone haya. Ukumbi, chakula, vinywaji, keki, mapambo, MC, picha za video, magari ya msafara wa kwenda Mugumu kumchukua bibi harusi, sare za kamati. Mambo ya nyumba ya wageni yalijadiliwa nusu saa nzima.

Kwenye kona alikuwa amekaa baba mdogo wetu, mzee wa maneno machache, shabiki wa Biashara tangu siku ya kwanza. Bajeti iliposomwa yote na watu kupiga makofi, akamgeukia bwana harusi.

"Mura, hii yote ni ya siku moja?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na Jumatatu yake?"

Kijana akacheka. "Jumatatu tutapumzika, baba."

Mzee hakucheka. "Biashara nayo ilishinda ya kwanza," akasema, akachukua fimbo yake akatoka kuota jua.

Kikao kilikaa kimya kidogo, kisha mwenyekiti akarudi kwenye keki. Lakini mimi sikurudi. Maneno yale nimeyabeba mpaka Dar, na ndiyo yameniandikisha ukurasa huu.

Maana tuseme ukweli, ndugu zangu. Mila yetu ya michango ni nzuri sana, na mimi siwezi kuipiga vita. Jirani, mfanyakazi mwenzako na mpangaji wa chumba cha pili wanatoa fedha zao ili wewe uoe. Ila angalia inaelekea wapi. Yote inaelekea mechi ya kwanza. Kuna kamati ya harusi, kuna kamati ya kumuaga binti, kuna kicheni pati. Hujawahi kusikia kamati ya kodi ya miezi sita. Hujawahi kuletewa kadi ya mchango wa "tumefikisha mwaka wa pili na mume amepunguzwa kazini." Siku ya harusi mnashangiliwa na watu 300. Marudiano mnacheza ugenini, wawili tu, bila mashabiki, na kama vibali hamkushughulikia mapema hamtafika hata uwanjani.

VIBALI VYA NYUMBANI

Sisemi msifanye sherehe. Fanyeni, tena mtualike! Ninachosema ni kwamba kabla hamjapitisha bajeti ya ukumbi, kaeni wawili jioni moja, simu mkizizima, mpange safari ya marudiano. Mambo haya yanaonekana madogo, kama viza na tiketi zinavyoonekana ndogo mbele ya ushindi wa 2-0.

Kwanza, karatasi. Huku kwetu watu wengi wakishapeleka ng'ombe wanahesabu kazi imekwisha. Kimila imekwisha, sawa. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila na inataka nayo isajiliwe. Cheti cha ndoa hakiongezi upendo hata chembe, ila siku ya kufuatilia mafao, bima, mirathi au viza, ng'ombe hawawezi kuja kutoa ushahidi. Weka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto hapo hapo, na majina ya wote wawili kwenye karatasi za kiwanja mnachonunua pamoja.

Pili, madeni. Mwambie mwenzako unadaiwa na nani na kiasi gani, kabla hajaambiwa na anayekudai. Mkopo wa kazini, mkopo wa kwenye simu, mchezo wa upatu, deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Nimeona nyumba zikitikiswa na hati ya mshahara iliyofichwa kwenye buti la gari kuliko zilivyotikiswa na mchepuko.

Tatu, wazazi na ndugu. Nani analipiwa ada, nani anatumiwa fedha kila mwezi, mama akiugua Tarime au Mugumu nani anasafiri. Kama mke anamsomesha mdogo wake, mume ajue mapema na aheshimu. Kama mume anajenga kwa mama yake, mke aambiwe kabla ya matofali, asije akayakuta yamepangwa.

Nne, fedha ya Jumatatu. Chukueni sehemu ya bajeti ya sherehe, hata kama ni ndogo, muiweke kando iwe ya maisha baada ya harusi, na muandike kabisa kwenye daftari la kamati kama kipengele chake. Kamati itanuna. Acheni inune. Keki ya ghorofa tatu badala ya tano haijawahi kuvunja ndoa ya mtu.

Tano, nani anafuatilia nini. Kwenye timu, safari hukwama pale kila mtu anapoamini kuna mwingine anashughulikia. Nyumbani ni hivyo hivyo. "Nilidhani wewe umelipa." "Mimi nilidhani wewe." Gaweni majukumu kwa jina, siyo kwa kudhani.

MSIMU HAUKUISHIA LIBYA

Watu wengi hukumbuka Libya tu, wanasahau kwamba baada ya hapo kulikuwa na ligi nzima ya kucheza. Na hapo ndipo kuna somo la pili, gumu kidogo.

Ukikosa kitu kikubwa kiasi kile kwa sababu ndogo kiasi kile, mwili unarudi kazini lakini roho inabaki. Biashara walirudi kwenye ligi, na matokeo yakawa ya kusuasua. Dirisha dogo lilipofunguliwa, winga wao kijana Denis Nkane akachukuliwa na Yanga. Huwezi kumlaumu kijana, kila mtu ana ndoto zake. Mechi zikapita moja moja. Juni 2022 ligi ilipofungwa, Yanga walikuwa mabingwa bila kupoteza hata mechi moja kati ya 30. Chini kabisa ya msimamo zilikuwa timu mbili zilizoshuka moja kwa moja: Mbeya Kwanza na Biashara United. Kutoka nafasi ya nne na tiketi ya Afrika mpaka kushuka daraja, miezi 12 tu.

Na ile nafasi ya nne? Ilichukuliwa na jirani zetu wa Kanda ya Ziwa, Geita Gold, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda. Straika wao George Mpole akawa mfungaji bora. Nao wakaenda Afrika. Kabla hamjawaonea wivu, jueni kwamba mwaka 2024 Geita nao walishuka. Mpira ni zamu, na maisha ni zamu. Wanandoa mnaowaona leo wanapiga picha wakiwa nafasi ya nne, msijilinganishe nao mpaka kulala njaa. Hamjui mechi zao zilizobaki.

Nakumbuka mitaani Tarime msimu ule ulipoisha. Fulana za Biashara zilipungua ghafla. Waliosema "timu yetu" wakaanza kusema "ile timu ya Musoma". Wengine walirudi kwa Simba na Yanga zao kama watu waliotoka safarini. Lakini wapo waliobaki. Walienda Karume kuangalia ligi ya daraja la chini, mechi isiyo na kamera nyingi wala wageni kutoka Dar. Mwaka 2024 timu ilipambana mpaka ikafika mechi za mchujo wa kurudi Ligi Kuu. Ikakwama mbele ya Tabora United. Nilimpigia simu baba mdogo kumpa pole. Akaniambia hana haja ya pole, kwani yeye hakuipenda kwa sababu ya nafasi ya nne.

Dada zangu, kaka zangu, hilo nalo lizungumzeni kabla ya harusi. Wakati mwenzako yuko juu, kazi nzuri, gari, mwili umenona, kila mtu ni shabiki wake. Muulizeni kila mmoja mwenzake bila kupepesa macho: nikishuka daraja, utakuja Karume? Nikipoteza kazi, nikiumwa mwaka mzima, biashara ikifa, utakaa jukwaani na wachache? Kama jibu linachelewa, afadhali lichelewe sasa kuliko baada ya keki.

Na kwa ninyi ambao mmeshashuka, mko kwenye mwaka mgumu hivi ninavyoandika, kodi inadaiwa na mnazungumza kwa kununa, sikilizeni. Kushuka daraja siyo kufutwa. Timu iliyoshuka inaendelea kufanya mazoezi asubuhi, inaendelea kupanga kikosi, na Jumamosi inaingia uwanjani. Acheni kulaumiana juu ya Libya yenu. Mlichokosa mmekosa. Kaeni tena wawili, gaweni majukumu upya, lipeni deni dogo kuliko yote kwanza ili muonje ushindi, hata kama ni wa 1-0.

Harusi ya mdogo wangu ni mwisho wa mwezi huu. Nimeshatoa mchango wangu, nusu nimempa mweka hazina wa kamati, nusu nimeiweka kwenye bahasha niliyoiandika "Jumatatu". Mwenyekiti hajafurahi. Bibi harusi mtarajiwa amenitumia ujumbe mfupi wa kunishukuru, akaongeza kwamba wamekubaliana keki iwe ya ghorofa mbili.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Pendaneni, na mkague tiketi zenu mapema.